C. S. Lewis: mtoto aliyefiwa na mama, akawaandikia watoto habari za Narnia



Likizo kubwa imefika. Shule zimefungwa na watoto wetu wako nyumbani mpaka Septemba. Wengine wanasaidia shambani, wengine wanauza sokoni pamoja na mama zao. Wengine, hasa wale wa sekondari, wanasoma. Kitabu kimoja kinapita mikono kumi kabla ya kumrudia mwenyewe, jalada likiwa limekwisha kung'oka.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinijia akiwa amefunga kitabu ndani ya kitenge. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa binti yake. Kiliandikwa kwa Kifaransa, nacho ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu saba unaoitwa Le Monde de Narnia. Juu ya jalada mama alisoma neno moja tu, neno la mchawi, nalo lilimtosha. Alitaka nimwambie kama akichome au amrudishie aliyemwazima binti yake.

Nilimwomba anipe wiki moja. Swali lake ni zito, maana sisi tunajua neno hilo limefanya nini katika mitaa yetu. Kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu yake, na kuna wajane wazee waliopoteza maisha. Kwa hiyo sikutaka kumjibu haraka. Niliona heri kwanza ajue habari za mtu aliyeandika kitabu hicho. Haya ndiyo niliyomsimulia, na leo nawasimulia na ninyi.

Nyumba iliyojaa vitabu

Clive Staples Lewis alizaliwa tarehe 29 Novemba 1898 katika mji wa Belfast, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, Albert, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Flora, alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana, naye alisoma hesabu katika chuo kikuu wakati ambapo wanawake wachache sana walipata nafasi hiyo. Babu huyo mchungaji ndiye aliyembatiza mtoto. Kanisa hilo tunalifahamu sisi wa mashariki, kwa kuwa tuna ndugu wengi Waanglikana tangu Apolo Kivebulaya alipofika Boga na Injili mwaka 1896.

Alipokuwa na miaka kama minne, mtoto huyo alitangaza kwamba jina lake ni Jacksie, akakataa kuitika jina lingine lolote. Likafupishwa kuwa Jack, na kwa jamaa na rafiki zake alibaki Jack mpaka kufa. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Warren, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Hao wawili walipendana maisha yao yote.

Mwaka 1905 familia ilihamia nyumba kubwa pembeni ya mji. Baba alikuwa mtu wa kununua vitabu na kutoachana na hata kimoja. Vilijaa sebuleni, vikajaa kwenye ngazi, vikajaa vyumba vya kulala mpaka darini. Mvua ni nyingi katika nchi ile, na siku za mvua watoto walizuiliwa ndani. Basi Jack na Warren walikaa darini wakatunga nchi yao wenyewe, yenye wanyama wanaovaa nguo na kuzungumza kama watu. Waliichorea ramani, wakaiandikia historia, wakaiita Boxen. Jack alikuwa na kasoro ya vidole gumba, havikukunjika vizuri, kwa hiyo hakuweza kukata wala kuunda vitu vya kuchezea kama watoto wengine. Kalamu ndiyo iliyomtii.

Mwanzoni mwa mwaka 1908 mama yao aliugua. Ilikuwa saratani. Madaktari walimpasua humo humo nyumbani, akapata nafuu kidogo, kisha hali ikazidi kuwa mbaya. Jack alikuwa na miaka 9. Alikuwa amefundishwa kwamba Mungu hujibu maombi ya imani, basi akaomba mama yake apone, akijikaza kuamini kwa nguvu zote za mtoto. Flora alikufa tarehe 23 Agosti 1908, siku ile ile ya kuzaliwa ya mume wake.

Mwaka huo Albert alifiwa na baba yake, na mke wake, na kaka yake. Moyo wake ulivunjika, akashindwa kuwa karibu na watoto wake wakati walipomhitaji zaidi. Kabla ya mwezi kwisha tangu mazishi, Jack alivushwa bahari akapelekwa shule ya bweni huko Uingereza. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alipiga watoto kwa ukatili. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili, na shule ikafungwa mwaka 1910. Ndivyo mtoto huyo alivyoondolewa katika utoto wake.

Kijana aliyemfungia Mungu mlango

Kufika miaka kama 13, Jack aliiacha imani. Hakutangaza, maana hakutaka kugombana na baba yake. Hata kipaimara alikipokea akiwa haamini. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba hakuna Mungu, au kama yuko, hajali. Wengi wetu tunao vijana wa namna hiyo katika viti vyetu vya Jumapili. Wanaimba pamoja nasi, hali mlango wa ndani umefungwa.

Mwaka 1914 alipelekwa kwa mwalimu mzee aliyeitwa Kirkpatrick, katika kijiji cha Great Bookham kusini ya London. Mzee huyo hakumwamini Mungu, lakini alimpenda ukweli. Kijana hakuruhusiwa kusema neno lolote mezani bila kuulizwa amelijuaje. Hapo alijifunza Kigiriki na Kilatini, na akajifunza kufikiri.

Mwezi Machi 1916, akingoja treni katika kituo cha Leatherhead, alinunua kitabu kimoja cha bei rahisi. Mwandishi wake alikuwa George MacDonald, Mskoti aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa mtunzi, na kitabu chenyewe, Phantastes, ni hadithi ya kijana anayeingia katika nchi ya ajabu. Jack alikisoma kwa kusudi la kujifurahisha tu. Baadaye alishuhudia kwamba siku ile kitu kitakatifu kiliingia katika mawazo yake naye hakujua jina lake. Akili yake iliendelea kumkataa Mungu kwa miaka mingi bado. Lakini mbegu ilikuwa imepita mahali ambapo hakuna mlinzi.

Kisha vita ikamkuta. Alikuwa ameanza masomo Oxford mwaka 1917, lakini mara akaingizwa jeshini. Alifika kwenye mahandaki ya Ufaransa siku aliyotimiza miaka 19. Tarehe 15 Aprili 1918 kombora lilianguka karibu naye, likamuua sajini wake na kumjeruhi yeye. Rafiki yake wa jeshini, Paddy Moore, alikuwa amekwisha kuuawa mwezi mmoja kabla. Vijana hao walikuwa wamepatana kwamba mmoja akifa, atakayebaki atamtunza mzazi wa mwenzake. Jack alitimiza neno lake. Alimchukua mama wa Paddy na dada yake, akakaa nao nyumba moja, akamtunza mama huyo zaidi ya miaka 30, mpaka alipokufa mwaka 1951. Haikuwa kazi nyepesi. Mama huyo alikuwa na maneno mengi na maagizo mengi, na mwalimu wa Oxford aliinuliwa kwenye vitabu vyake kwenda kuosha vyombo. Tunapotafuta tabia ya mtu, tutazame na mambo kama haya.

Mazungumzo ya usiku mmoja

Kuanzia mwaka 1925 Lewis alifundisha fasihi ya Kiingereza katika Magdalen College, Oxford. Huko alipata rafiki, na kwa mshangao wake wale aliowapenda zaidi walikuwa Wakristo. Mmoja wao alikuwa J. R. R. Tolkien, Mkatoliki, ambaye baadaye aliandika The Lord of the Rings. Mwaka 1929, kwa hesabu yake mwenyewe, Lewis alipiga magoti chumbani kwake akakubali kwamba Mungu ni Mungu. Alikiri bila furaha yoyote, kama mtu aliyeshindwa vita.

Lakini Yesu Kristo bado alimshinda. Alipenda sana hadithi za kale za Wagiriki na za watu wa kaskazini, za miungu inayokufa na kufufuka. Zilimtoa machozi. Alipokutana na jambo lile lile katika Injili, moyo wake ulikuwa baridi.

Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931, Tolkien na rafiki mwingine, Hugo Dyson, walitembea naye katika njia ya miti nyuma ya chuo, kisha wakaketi chumbani wakazungumza mpaka usiku wa manane kupita. Walimwonyesha kwamba habari za Kristo zina nguvu ile ile iliyomgusa katika hadithi za kale, ila hii imetukia kweli, mahali panapojulikana, wakati wa liwali anayejulikana kwa jina. Siku chache baadaye, tarehe 28 Septemba, Warren alimpakia katika kigari cha pembeni mwa pikipiki yake kwenda kutazama wanyama huko Whipsnade. Safari ilipoanza, Lewis hakuwa amekubali kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Walipofika, alikuwa amekubali. Hakuna aliyemhubiri njiani.

Tangu hapo alifanya kazi bila kuchoka. Wakati wa vita ya pili, kati ya mwaka 1941 na 1944, alisema katika redio ya Uingereza, akieleza imani kwa watu waliokuwa wakilala chini ya mabomu. Mafundisho hayo yalikusanywa mwaka 1952 katika kitabu Mere Christianity, ambacho wachungaji wengi wanakisoma mpaka leo. Fedha nyingi alizopata kwa vitabu vyake aliwapa wahitaji. Barua za watu wasiomjua alizijibu mwenyewe kwa mkono, asubuhi kabla ya kazi.

Sitaki kumchora kama malaika. Alivuta sigara na kiko, na pamoja na rafiki zake alikutana katika nyumba ya pombe. Katika makanisa yetu mengi angeitwa mbele ya wazee. Namsimulia jinsi alivyokuwa.

Watoto wa vita wanabisha hodi

Sasa tufike Narnia.

Tarehe 1 Septemba 1939, vita ilipokuwa mlangoni, serikali ya Uingereza ilianza kuwaondoa watoto katika miji mikubwa kwa hofu ya ndege. Katika siku chache watu milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, walipakiwa kwenye treni kila mmoja na kifurushi chake, wakapelekwa kukaa na familia wasizozijua. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Tumeona watoto wakishuka njia na godoro kichwani, na tumefungua nyumba zetu kuwapokea, chumba kimoja kikilaza watu kumi.

Nyumba ya Lewis, iitwayo The Kilns, ilipokea wasichana wa shule tangu siku zile za kwanza. Yeye alikuwa na miaka 40, hajaoa, hana mtoto, na hakuwa amezoea watoto. Lakini mtoto aliyeondolewa nyumbani ghafula alimjua vizuri, maana alikuwa yeye mwenyewe mwaka 1908. Wakati huo wa vita alianza mistari michache ya hadithi juu ya watoto wanne waliotolewa London kwenda kukaa kwa profesa mzee kijijini. Kisha akaiacha.

Picha moja ilikuwa imekaa kichwani mwake tangu alipokuwa na miaka 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anatembea katika msitu wenye theluji, ana mwavuli na vifurushi mkononi. Hakujua maana yake. Karibu na mwaka 1949, wakati alipokuwa amechoka sana kwa kumtunza mama mgonjwa na kwa taabu ya Warren, aliyekuwa ametekwa na pombe, alirudia hadithi ile. Ndipo, kwa ushuhuda wake, simba akaingia ndani yake, na simba huyo akavuta hadithi yote pamoja. Mwezi Juni mwaka huo Lewis mwenyewe alilazwa hospitalini kwa uchovu na ugonjwa. Katika majira kama hayo ndipo kitabu kilipotoka mikononi mwake.

Kitabu cha kwanza kilichapishwa Oktoba 1950, na kila mwaka kikafuata kingine mpaka cha saba, mwaka 1956. Tolkien, rafiki yake, hakukipenda. Watoto walikipenda.

Ndugu aliyesaliti

Wale watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaingia katika kabati la nguo na kutokea katika nchi ya Narnia. Nchi hiyo inatawaliwa na Mchawi Mweupe, ambaye ameifunga katika majira ya baridi yasiyokwisha, wala Krismasi haifiki. Simba Aslan yuko njiani kuikomboa.

Hapa naomba wazazi watulie. Mchawi wa kitabu hiki ni malkia mdhalimu aliyetoka ulimwengu mwingine. Hafundishi msomaji dawa wala maneno ya kuloga. Kitabu hakimpeleki mtoto kumtafuta mchawi katika bibi yake au katika jirani. Hatari kubwa inatoka kwa Edmund, mtoto wa nyumbani, ambaye kwa tamaa ya peremende na ya cheo anakula kutoka mkono wa yule malkia na kuwasaliti ndugu zake. Kwa sheria ya nchi ile, msaliti ni mali ya mchawi na lazima afe.

Basi mtoto huyu amekula kwa mchawi. Ameingia kambini mwake. Sisi tungemfanyia nini? Tunajua ni wangapi katika miji yetu waliofungiwa ndani bila chakula, wakapigwa ili wakiri, wakatupwa barabarani, kwa neno lililosemwa juu yao, nao hawakufanya lolote. Edmund alifanya kweli. Naye Aslan anatembea naye peke yao asubuhi, anazungumza naye maneno ambayo msomaji hasikilizishwi, kisha anamrudisha kwa ndugu zake na kuwakataza kumkumbusha yaliyopita. Usiku ule simba anajitoa afe mahali pake. Anafungwa, ananyolewa manyoya, anadhihakiwa, anauawa juu ya meza ya jiwe. Kulipopambazuka meza imepasuka na simba yu hai.

Hata mtoto wa Shule ya Jumapili atajua habari hii imetoka wapi. Lewis alieleza mara nyingi kwamba alijiuliza hivi: kama ingekuwako nchi kama Narnia, na Mwana wa Mungu akapenda kuiokoa kama alivyoiokoa ya kwetu, ingekuwaje? Nabii Nathani alimwendea Daudi na habari ya mwana-kondoo mmoja wa maskini, na mfalme akalia hukumu kabla hajatambua kwamba ni yeye anayesemwa. Lewis alijua nguvu hiyo kwa sababu ilimpata yeye mwenyewe kwenye kituo cha treni.

Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani alimwandikia, akiwa na wasiwasi kama wa mama yetu wa kitenge. Mwana wake wa miaka 9 alisumbuka moyoni kwamba anampenda Aslan kuliko Yesu. Lewis alimjibu haraka. Alimweleza kwamba mambo ambayo mtoto anayapenda kwa Aslan ni yale ambayo Yesu aliyafanya na kuyasema, kwa hiyo anapodhani anampenda simba, kwa kweli anampenda Yesu. Na aliahidi kumwombea mtoto huyo.

Tunda kwa ajili ya mama

Kitabu ambacho kilimchukua muda mrefu ni cha sita, kilichotoka mwaka 1955. Alikianza mapema, akakwama, akakiweka, akakirudia. Kinamhusu mvulana aitwaye Digory, ambaye mama yake amelala chumbani akingoja kufa.

Digory anafika Narnia siku ile inapoumbwa. Anamwomba simba dawa ya mama yake. Anapoinua macho, anaona kwamba simba naye ana machozi, makubwa kuliko yake. Kisha anatumwa bustanini kuleta tofaa moja. Huko mchawi anamshawishi aibe tunda la pili akimbie nalo kwa mama yake. Mtoto anatamani mpaka kuumwa, lakini anakataa, anarudisha lile alilotumwa, na linapandwa. Mwishoni Aslan mwenyewe anamruhusu kuchuma tunda jingine kwa ajili ya mama. Mama anakula, anapona.

Aliyeandika hayo alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 50, ambaye akiwa na miaka 9 aliomba kitu hicho hicho naye hakupewa. Hakuandika kwamba maombi yale yalikuwa ya bure, wala hakuandika kwamba imani yake ya kitoto ilipungua kipimo. Aliandika kwamba Bwana naye alilia. Nimewahi kusimama mbele ya majeneza mengi madogo na makubwa katika mkoa wetu, na sina neno zuri kuliko hilo la kumwambia mtoto.

Huzuni ilimrudia tena. Mwanamke wa Kimarekani aitwaye Joy Davidman, Myahudi wa kuzaliwa aliyekuwa mkomunisti kabla ya kumwamini Kristo, alikuja Uingereza na wavulana wake wawili. Lewis alimwoa kiserikali mwaka 1956 ili apate ruhusa ya kukaa. Mwaka huo huo saratani ilionekana katika mifupa yake. Mwezi Machi 1957 waliunganishwa na mchungaji kando ya kitanda cha hospitali, na mchungaji akamwekea mikono. Joy alipata nafuu iliyowashangaza watu, wakaishi kwa furaha miaka mitatu. Alikufa tarehe 13 Julai 1960. Lewis alibaki na wavulana wawili waliofiwa na mama kwa ugonjwa ule ule uliomuua mama yake, naye akawalea.

Kilio chake alikiandika katika kijitabu alichokitoa mwaka 1961 kwa jina la uongo ili asijulikane. Humo anagombana na Mungu bila kuficha, kisha polepole anatulia mikononi mwake. Alikufa nyumbani tarehe 22 Novemba 1963, amebakiza wiki moja atimize miaka 65. Siku hiyo rais Kennedy aliuawa kule Marekani, na dunia haikuona kifo cha mwalimu huyu. Mazishini walikuwa wachache. Warren alilemewa na huzuni asiweze kufika. Leo ndugu hao wawili wako katika kaburi moja, kwenye kanisa dogo la Headington Quarry walipokuwa wakisali.

Jibu langu kwa mama

Baada ya wiki moja nilimrudishia mama kitabu. Nilimwambia asikichome. Nilimwomba akisome pamoja na binti yake, sura moja kila jioni baada ya kula, yeye akisikiliza na binti akitafsiri kwa Kiswahili.

Nilimwambia pia kwamba kuna mambo ya kuzungumza. Katika baadhi ya vitabu hivyo watu wa nchi ya kusini, wenye ngozi nyeusi kuliko wengine, karibu wote wanaonyeshwa kama adui. Mtoto wetu atakiona hicho, na ni haki akisemee. Mwandishi aliona kwa macho ya watu wa zamani zake. Hata hivyo katika kitabu cha mwisho kijana mmoja wa nchi hiyo, aliyetafuta ukweli kwa moyo safi, anapokelewa na Aslan kwa upendo, na jambo hilo lenyewe limewafanya Wakristo wabishane. Wazazi na watoto wabishane pia, Biblia ikiwa mezani. Hadithi haichukui nafasi ya Neno la Mungu. Inaweza kumtayarisha mtoto alisikie.

Mama aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama yule mtoto aliyekula kwa mchawi alirudi kwa ndugu zake kweli kweli, au walimpokea kwa mdomo tu. Nilimjibu kwamba alirudi kweli, na mwishoni alifanywa mfalme pamoja nao, akaitwa Mwenye Haki. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba katika mtaa wao yuko kijana mmoja anayelala kwenye kibanda cha soko tangu jamaa zake walipomwita mchawi, na kwamba yeye hupita pale kila siku akitazama upande mwingine.

Jumapili iliyofuata alikuja ibadani na binti yake. Kati yao alikaa kijana huyo, amevaa shati lililomzidi ukubwa.

Bwana awalinde watoto wetu katika likizo hii, walio nyumbani na wasio na nyumba. Amina.